Kuzima skripti ya Python kwa Ctrl+C bila kuacha mstari nusu

Juzi sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, nilimkuta dogo mmoja kakunja uso mbele ya laptopu. Skripti yake inasoma mzani kila dakika na kuandika uzito wa magunia ya dagaa kwenye faili. Jioni akiizima kwa Ctrl+C, mstari wa mwisho unabaki `gunia 31,` basi, kilo hazipo. Mwenye mzigo akiona hivyo ni ugomvi.

1. Ondoa `except:` tupu

Ctrl+C hutuma ishara ya SIGINT, Python ikaigeuza KeyboardInterrupt. `except:` tupu huimeza na kitanzi kinaendelea. Andika `except Exception:`, hiyo haiigusi.

2. Weka bendera

Wengi wanatosheka na `except KeyboardInterrupt`. Kwa skripti inayoandika faili mimi siitaki: inakata popote ilipofika, hata kati ya namba ya gunia na kilo zake.

```
import signal
simama = False

def zima(namba, fremu):
    global simama
    simama = True

signal.signal(signal.SIGINT, zima)
```

Bendera ni hiyo `simama`: Ctrl+C inaipandisha tu, kitanzi ndicho kinaitazama. Kitanzi kiwe `while not simama:`. Ndani ya `zima` usiandike faili wala usifunge chochote.

3. Katakata usingizi

Hapa ndipo jioni yangu iliishia, mwaka ule naandika ya kwangu. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena mara kumi, kimya. Kwa hasira nikapiga `kill -9`, ambayo programu haiwezi kuikamata, na mistari iliyokuwa bado kwenye bafa (kumbukumbu ya muda, haijafika kwenye faili) ikaenda na maji. Kumbe tatizo ni `time.sleep(60)`. Tangu Python 3.5, kama `zima` haikurusha kosa, sleep inarudi kumalizia sekunde zake zilizobaki. Bendera imeshapanda, ila hakuna anayeitazama.

```
for _ in range(60):
    if simama:
        break
    time.sleep(1)
```

Mzani nao vilevile. Ukiusoma kwa pyserial, maktaba ya Python ya poti za serial, fungua poti kwa `timeout=1`, la sivyo `read()` inasubiri mpaka gunia lijalo. Ikirudi tupu, usiandike kitu. Na mstari uandikwe wote kwa `write` moja, namba na kilo pamoja. Dogo alikuwa anaandika namba kwanza, ndipo anasoma mzani.

4. SIGTERM

Sajili `zima` kwa SIGTERM pia, ishara ya kuiambia programu ijifunge; Linux huituma ikizimwa kwa utaratibu. Betri ikikata ghafla haitumwi ishara yoyote, kwa hiyo kila baada ya mstari weka `f.flush()` kisha `os.fsync(f.fileno())`, ili mstari utoke kwenye bafa na ufike diski.