Nyumba ya kupangisha Mbeya: ikague masika, ikarabati kiangazi

Anayetafuta nyumba ya zamani ya kununua na kupangisha jijini Mbeya, iwe Iyunga, Ilomba au Uyole, huhimizwa na madalali akaione kiangazi. Mimi nashauri kinyume chake. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na ukuta uliokuwa uking'aa kwa rangi mpya mwezi Agosti huonesha mwezi Machi mstari wa unyevu uliopanda kutoka kwenye msingi, lipu ikimomonyoka kwa kuguswa na kidole tu. Matofali ya kuchoma hunyonya maji, na pale ambapo fundi hakuweka nailoni juu ya msingi, rangi haitasaidia kitu. Panda darini ukague kama kenchi zimeliwa na mchwa na kama kuna madoa ya maji penye misumari ya bati, kisha uliza shimo la choo liko wapi na hunyonywa mara ngapi.

Ukiridhika na jengo, usitoe hata kishika uchumba kabla ya kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, utakaokuonesha mmiliki ni nani na kama nyumba imewekwa rehani. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki, hivyo kiwanja kisichopimwa lazima bei yake iwe chini, na majirani wa pande zote wakuoneshe mipaka. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa hiyo.

Hesabu ifanywe kwa ukali. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 40, ukarabati ni milioni 8, na vyumba sita vinapangishwa kwa shilingi 60,000 kila kimoja. Karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambako wapangaji wengi ni wanafunzi wanaoondoka wakati wa likizo, ni busara kuhesabu miezi 10 tu, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Fedha yako itarudi baada ya miaka 13 na ushei, kabla ya kutoa matengenezo na asilimia 10 ya pango inayokwenda TRA.

Katika ukarabati, anza na bati, mifereji ya kuondoa maji ukutani na choo. Jipsamu na vigae vya kupendeza vinaweza kusubiri. Madirisha yafunge sawasawa, kwani Juni na Julai mpangaji huhama zaidi kwa sababu ya baridi kuliko kwa sababu ya rangi.

Kila mpangaji awe na mita yake ya LUKU ikiwezekana, maana ugomvi mwingi wa nyumba za vyumba huanzia kwenye umeme wa kuchangia. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo mpangaji anaponunua umeme, ilhali anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Mkataba useme wazi kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye pango, na siku ya kukabidhi funguo mwandike pamoja hali ya vitasa, vioo na bomba, kila mmoja abaki na nakala yenye saini.