Kuchagua pa Kulala Ufuoni Pwani Ukitoka Kisumu au Nakuru: Anza na Maji, Picha Baadaye

Mtu aliyezoea Dunga, ufuo wa ziwa pale Kisumu, ana imani moja kuhusu ufuo: maji uliyoyaacha jioni utayakuta asubuhi pale pale. Ziwa halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Bahari ya Hindi inako, na hapo ndipo huanzia malalamiko mengi ya wageni wanaotoka pande zetu. Wamelipia hoteli ya ufuoni, wanashuka na taulo saa nne asubuhi, wanakuta maji yamehama mita mia kadhaa na nyuma yake kumebaki mchanga tope, majani na mawe. Hoteli haikuwadanganya. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, basi.

Ndiyo maana hapa tunaanza na tarehe, na hoteli inakuja baadaye kabisa.

Hatua ya 1: Linganisha tarehe zako na mwezi wa angani

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili zinazofuata ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja na kitu.

Kwa Mombasa na majirani zake, jambo linalosaidia sana ni kwamba bamvua ina saa zake. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali.

Sasa tazama sikukuu. Idd-ul-Fitr huja mwezi ukiandama, kwa hiyo likizo ya Idd ni bamvua kila mwaka. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo Ijumaa Kuu mara nyingi haiko mbali na bamvua. Krismasi haifuati mwezi, lazima uangalie mwaka kwa mwaka. Tafuta jedwali la maji la Kilindini kwenye intaneti, andika saa za siku zako zote, ndipo uendelee. Wenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi walenge maji mafu. Anayetaka kutembea hadi kwenye mwamba na kuona samaki wa rangi kwenye vidimbwi, bamvua ndiyo yake.

Upepo nao una zamu. Kaskazi, takriban Disemba hadi Machi, bahari hutulia na joto hupanda. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, huleta mawimbi na kutupa mwani ufuoni, wakati mwingine marundo ya kufika magotini. Likizo ya shule ya Agosti imeangukia ndani ya kusi. Ukienda Agosti, bwawa la kuogelea si mapambo, ni mahali utakapokuwa nusu ya siku, kwa hiyo lipime kwanza kabla ya kuuliza bei. Mwezi wa Mei mvua huwa nyingi na baadhi ya hoteli hufunga kufanya marekebisho. Zinazobaki wazi hupunguza bei, lakini uliza kama kuna ujenzi unaoendelea.

Hatua ya 2: Chagua ufuo, bado si hoteli

Diani, Kusini mwa Mombasa, ina mchanga mweupe mrefu na chaguo la kila mfuko. Mbele kuna mwamba unaovunja mawimbi, hivyo ndani yake maji ni matulivu. Hoteli ziko upande wa bahari wa barabara. Ng'ambo yake kuna nyumba za kupangisha za bei nafuu zaidi. Tiwi, jirani yake, ni kimya na haina maduka mengi, unahitaji gari.

Nyali na Bamburi zinamfaa anayetaka mji karibu: maduka makubwa, hospitali, matatu mlangoni. Ufuo wa umma wa Bamburi, ambao wengi bado wanauita Pirates, hujaa watu sikukuu. Raha kwa anayependa kelele, adhabu kwa anayetafuta usingizi. Kikambala bei zake huvutia, ila ufuo wake ni tambarare mno na maji yakipwa huenda mbali sana. Ukienda huko, siku za maji mafu ni lazima, si pendekezo.

Watamu maji yake ni mazuri kuliko yote kwa kutazama samaki, na kuna hifadhi ya bahari. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si kwa mkono wa mtu ufuoni. Malindi ina chakula kizuri na historia, lakini mto Sabaki humwaga udongo kaskazini ya mji, na mvua za vuli zikinyesha huku kaskazi ikivuma, maji ya ghuba hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kilifi kwenye mkono wa bahari unaogelea hata maji yakipwa, kwa sababu kina chake ni kirefu. Lamu ni safari ya aina nyingine kabisa, iache kwa siku ambayo huna watoto wadogo na huna haraka.

Hatua ya 3: Soma ramani ya setilaiti

Hii hatua huchukua dakika kumi na watu wengi huiruka. Fungua ramani ya simu, weka picha ya setilaiti, ivute hadi uone paa la hoteli. Kisha toka kwenye paa kuelekea baharini.

Rangi ya maziwa ni mchanga, hapo miguu itafurahi. Madoa ya kijani kilichokoza au meusi ni majani ya bahari na mawe, na kwenye mawe hukaa wale viumbe wa miiba mieusi mirefu inayovunjikia ndani ya wayo. Mstari mweupe mbali ni mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Ukiona pengo kwenye huo mstari, huo ni mlango ambao maji hutokea yakipwa, na mkondo wake una nguvu: usimruhusu mtoto kuogelea hapo mbele.

Rudi ufuoni. Kuna ukuta wa mawe mbele ya hoteli? Tafuta picha zilizopigwa na wageni, si za hoteli, uangalie ukuta huo. Ukuta ukiwa na alama nyeusi ya unyevu hadi kiunoni, maji ya bamvua huufikia, maana yake jioni hakuna ufuo, kuna ngazi tu zinazoingia majini. Hilo nalo ni bora ulijue mapema. Na kama nyumba iko ng'ambo ya barabara, pima njia ya miguu hadi ufuo wa umma. Hoteli haina haki ya kukuzuia kupita mchangani, ila inaweza kukuzuia kupita ndani ya uwanja wake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya njia

Kisumu hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Nakuru ni kama 650. Basi la usiku la moja kwa moja linaokoa pesa na kukuibia siku nzima ya kupumzika. Ukichagua treni ya SGR, tiketi hukatwa kwa *639#, nawe uwe kituo cha Syokimau, Nairobi, angalau saa moja kabla, ukiwa na kitambulisho halisi. Mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Visu na pombe hubaki hapo.

Treni ya saa mbili asubuhi hufika Miritini, kituo cha Mombasa, mchana, na ndiyo inayolingana na hoteli, kwa sababu vyumba vingi hufunguliwa saa nane. Ile ya saa nne usiku hufika usiku wa manane umekwisha kupita, wakati chumba chako kina mtu ndani. Ukiipanda, lipia usiku wa ziada au kubaliana kwa maandishi kuhusu kuingia mapema. Kutoka Kisumu, basi la usiku linalofika Nairobi alfajiri linaungana na treni ya asubuhi, lakini usiliamini likiondoka baada ya saa tatu usiku. Ajali moja tu ya lori Mau Summit, na treni inaondoka bila wewe.

Kutoka Miritini hadi Diani sasa unapita barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri ya Likoni. Mwambie dereva hivyo mkipatana bei. Watamu na Malindi ni upande wa pili, na foleni ya Mtwapa iko njiani. Ongeza saa moja kwenye makadirio yoyote utakayopewa.

Hatua ya 5: Elewa bei kabla ya kuifurahia

Kwenye orodha ya bei za hoteli, BB ni kulala na kiamsha kinywa. HB huongeza chakula cha jioni, FB huongeza na cha mchana. AI ni vyote pamoja na vinywaji, lakini uliza vinywaji gani na hadi saa ngapi: kwa kawaida ni vya hapa nchini, na baa ya bure hufungwa kabla ya baa ya kulipia.

Bei ya tangazo mara nyingi ni ya mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja. Chukua tarakimu za mfano: 9,000 kwa mtu, HB. Baba na mama 18,000. Mtoto wa miaka 5 nusu, 4,500. Mtoto wa miaka 13, kwa hoteli nyingi, ni mtu mzima: 9,000. Jumla 31,500 kwa usiku, na usiku nne ni 126,000. Aliyedhani 9,000 ni ya chumba alikuja na 36,000.

Weka hapo kando nyumba ya kupangisha: 10,000 kwa usiku nyumba nzima, mpishi 1,500 kwa siku, soko 4,000. Usiku nne ni 62,000. Diani nyumba nyingi huja na mpishi, na wauza samaki hupita na baiskeli asubuhi, ngisi na changu wabichi. Ubaya wake: stima ya tokeni ni juu yako, hakuna mwokoaji kwenye bwawa, na tumbili wakikuta dirisha la jikoni wazi, ndizi na mkate vimekwenda. Kwa familia ya watu sita au chama, bado tungechagua nyumba. Kwa wawili wa fungate, hoteli.

Hatua ya 6: Chagua chumba chenyewe

Kwetu Kisumu jua huzama ziwani. Pwani huchomoza baharini na kuzama nyuma ya hoteli. Chumba cha kutazama bahari huamshwa na jua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa tatu roshani yake ni tanuri. Anayependa kulala hadi saa nne achukue upande wa bustani, aokoe pesa.

Tofautisha pia "kuona bahari" na "mbele ya bahari". La kwanza linaweza kuwa kipande cha buluu kati ya minazi miwili ukisimama kwenye kona ya roshani.

Kaa mbali na jukwaa la burudani, jikoni na jenereta. Wenye watoto wanaotambaa wasichukue chumba cha chini kinachofungukia bwawa. Paa la makuti ni zuri na baridi, ila hudondosha vumbi na wadudu. Neti iwe nzima. Malaria ipo Pwani, na anayetoka nyanda za juu za Nakuru asijifananishe na aliyekulia kando ya ziwa.

Kisha tuma ujumbe wa namna hii:

"Habari dada. Tuko watu wazima 2 na watoto 2, miaka 5 na 13. Usiku 4, HB, bei ya mkazi. Naomba jumla yote ikiwa na VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Maji ya bafuni ni ya chumvi au baridi? Stima ikipotea, jenereta huwasha AC au taa tu? Tukiahirisha, tunarudishiwa ngapi? Asante."

"Maji baridi" Pwani ni maji yasiyo na chumvi, usifikirie joto lake. Visima vingi vya ufuoni vina chumvi, na sabuni haitoi povu. Akijibu maswali yote, umepata hoteli inayojua kazi. Akijibu moja tu, "karibuni sana", endelea kutafuta.

Hatua ya 7: Lipa, kisha kagua

Tafuta nambari ya simu ya hoteli kwa njia tofauti na tangazo ulilokutana nalo, upige, uthibitishe nafasi yako. Lipa kwenye paybill au till ya hoteli, ukisoma jina linalojitokeza kabla hujaidhinisha. Jina la mtu binafsi likitokea, na hadithi kwamba paybill "ina shida leo", simama hapo hapo. Ulaghai wa nyumba za kupangisha huongezeka wakati watu wanakimbizana na nafasi za Krismasi.

Ukifika, mzigo ubaki umefungwa kwanza. Washa AC, hesabu dakika kumi, uone kama chumba kinapoa. Fungua bomba, onja maji kwa ncha ya ulimi. Kunjua neti utafute matundu, jaribu kufuli la mlango wa roshani kwa sababu ya tumbili. Kuna kasoro, rudi mapokezi na ufunguo mkononi: chumba ambacho kitanda chake hakijaguswa hubadilishwa kwa dakika tano, kilichovurugwa hungoja hadi kesho.