Jinsi ya kuchambua wahusika wanapokutana: Jane na Rochester

Dondoo la mtihani wa fasihi likikuletea wahusika wawili wanaokutana, usikimbilie kusimulia kilichotokea. Mtahini anakijua. Anatafuta kilichobadilika kati yao. Tuchukue Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë (1847), sura ya 12, ambapo Jane ni mwalimu wa nyumbani kwa Bwana Rochester lakini bado hawajakutana.

Hatua ya 1: Nani anajua nini? Jioni ya Januari Jane anapeleka barua posta ya kijiji cha Hay. Farasi anateleza kwenye barafu, mpandaji anaanguka. Anamuuliza Jane anakaa wapi, nyumba ile ni ya nani, na kama anamfahamu Bwana Rochester. Jane anajibu kuwa hajawahi kumwona. Kumbe ndiye huyo huyo, naye ananyamaza. Hicho ni kinaya, yaani hali halisi ni kinyume cha anavyodhani Jane. Kitaje kwa jina, kisha useme kinampa nani nguvu.

Hatua ya 2: Nani anamhitaji nani? Hapa kaa sana, maana ndipo penye maksi. Kwa cheo, tajiri aliye juu ya farasi amemzidi mbali mwalimu wa nyumbani anayetembea kwa miguu. Brontë anamshusha tajiri huyo hadi chini, mguu umeteguka. Anamwashiria Jane aende zake. Jane anakataa kuondoka mpaka amwone anaweza kupanda farasi. Mwishowe Rochester anaegemea bega la Jane. Soma pia Jane anavyokiri kwamba Rochester angekuwa kijana mtanashati, yeye asingethubutu kumpa msaada. Ule ukali wake ndio uliomtoa Jane woga. Wengi huiruka sentensi hiyo, nami naiona ndiyo roho ya tukio zima.

Hatua ya 3: Mandhari. Kabla hajamwona mtu, Jane anakumbuka Gytrash, zimwi la hadithi za Bessie, mtumishi wa utotoni mwake. Sentensi moja inatosha.

Hatua ya 4: Tafuta tukio pacha. Sura ya 37, kwenye nyumba ya Ferndean: Rochester ni kipofu, Jane amerithi mali, na mkono wa Rochester unazunguka bega lilelile. Safari hii wanajuana.

Hatua ya 5: Andika dai kabla ya ushahidi. Kwa mfano: “Brontë anatumia bega la Jane kuonyesha kwamba usawa kati yao ulianza kabla Jane hajajua kwamba huyo ndiye bwana wake.” Kisha leta maneno machache kutoka kwenye dondoo, uyaeleze. Muda ukikubana, acha hatua ya 3, lakini ya 4 usiiache.