Kusoma utenzi wa hati za Kiarabu katika maktaba ya chuo kikuu

Tenzi nyingi za mwambao hazijawahi kuchapwa. Zimebaki katika miswada ya hati za Kiarabu, na mikusanyo miwili mikubwa iko kwenye maktaba za vyuo vikuu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London. Ajuaye kusoma Kurani anadhani atazisoma papo hapo. Hazisomeki hivyo, na sababu yake utaiona hapa chini.

Anza na katalogi. Ya Dar es Salaam aliitayarisha J. W. T. Allen, ikachapwa Leiden mwaka 1970, na ndani yake zimo pia kanda za sauti. SOAS ina karatasi za wataalamu wa Kiswahili Taylor, Hichens na Werner, na miswada yake mingi imepigwa picha ikawekwa kwenye intaneti, basi itazame kabla hujakata tiketi. Usitafute kwa jina moja tu. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, huitwa pia Chuo cha Herekali. Jaribu utenzi, utendi, chuo, kisa na hadithi, kisha jaribu maneno ya ubeti wa kwanza.

Omba muswada kwa namba yake kamili, wiki kadhaa kabla ya safari. Chumbani utaruhusiwa penseli, si kalamu ya wino. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu za pamba ni za kuepuka, maana vidole havihisi ukingo wa karatasi na ndipo inapochanika. Ukikuta selotepu au karatasi zilizogandana, usibandue, mwite mhudumu.

Kabla ya kusoma, hesabu karatasi. Tazama chini ya ukurasa wa kulia: wanakili wengi huandika hapo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo lisipolingana na mwanzo wa ukurasa wa kushoto, kuna karatasi imepotea au imeshonwa mahali pasipo pake. Wako waliohangaika kutafuta maana ya beti zisizoungana, kumbe kosa ni la ushonaji. Halafu nenda mwisho kabisa, penye tamati, utafute jina la mnakili na mwaka. Kugeuza Hijria kuwa Miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: mwaka 1275 unakupa 1858. Kumbuka kwamba tarehe ya tamati huwa ya kunakili. Utungo wenyewe unaweza kuwa mkongwe zaidi.

Sasa herufi. Katika mwandiko wa zamani, *ba* hubeba b, p na mb. *Dal* hubeba d na nd. *Jim* hubeba j na nj. *Fa* hubeba f na v. *Ghaini* hubeba gh, g, ng na ng'. *Shini* hubeba sh na ch. Katika alama za irabu, fataha ni a, kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Kwa hiyo *ba* mbili zenye fataha ni baba, papa, pamba au bamba, na karatasi haikwambii ni lipi. Alifu, wau au ya iliyozidi katika silabi ya pili kutoka mwisho mara nyingi huonyesha mkazo tu, usiirefushe.

Kinachokuamulia ni mizani na vina. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) nane. Vitatu vya kwanza hukubaliana kwa kina, cha nne hushika kina cha utenzi mzima. Chukua mwanzo wa utendi wa Mwana Kupona: *Negema wangu binti*. Katika *wangu* kwa kawaida utaona wau na ghaini, nuni (n) haipo. Katika *binti* nuni imeandikwa na sukuni, alama ya kukosa irabu, juu yake, kwa kuwa neno limetoka Kiarabu, na nuni hiyo inahesabiwa: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane kamili. Ukipata saba au tisa, umesoma vibaya au mnakili ameruka kitu. Rudi kwenye herufi kwanza; kumlaumu mnakili kuje mwisho.

Andika safu mbili. Ya kwanza ni herufi kwa herufi kama zilivyo, pamoja na makosa. Ya pili ni usomaji wako, na kila neno la shaka litiwe alama ya kuuliza. Anayeandika safu ya pili peke yake hawezi kusahihishwa na yeyote asiyekuwa na muswada mbele yake.

Jambo linaloharibu kazi kuliko yote ni kukisanifisha Kiamu, lahaja ya Lamu. Ukiona *dal* yenye kasra kisha *ya* yenye fataha, hiyo ni *ndia*. Usiandike njia. *Mato* yabaki mato, yasiwe macho. Ukibadilisha, vina vinaweza kuvunjika, na lahaja ya mtunzi inafutika katika nakala ambayo wengi wataitegemea kwa kuwa hawafiki maktabani. Maana ya kisasa iweke pembeni. Neno likikushinda, lipeleke kwa mzee wa Lamu au Mombasa ukamsomee ubeti mzima, maana neno moja lililokatwa peke yake halimsaidii.

Ukimaliza, ipe maktaba nakala ya safu zote mbili, na juu yake uandike namba ya muswada, idadi ya karatasi ulizohesabu na mahali penye pengo.