Laptopu ya gemu inapokwama: pima kwanza, rekebisha baadaye

Fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zikishuka kutoka 90 hadi 30 kwa sekunde, wengi hukimbilia kufuta draiva, programu inayoiendesha kadi ya michoro, na kuisakinisha upya. Mara nyingi draiva haina kosa. Kadi ya michoro hupunguza mwendo kwa sababu chache tu: imenyimwa umeme, imepata joto mno, inaisubiri prosesa, au kumbukumbu yake imejaa. Kila sababu huacha alama yake kwenye vipimo.

Sakinisha programu ya vipimo kama HWiNFO au MSI Afterburner, cheza gemu inayokusumbua kwa dakika 15, kisha andika namba nne za kadi: asilimia ya matumizi, megahezi (kasi yake), wati (umeme inaotumia) na nyuzi joto. Dakika mbili hazitoshi, maana joto bado linapanda.

Kabla ya kuzitafsiri, hakikisha gemu inatumia kadi sahihi. Laptopu hizi huwa na kadi mbili, moja ndogo ndani ya prosesa na nyingine kubwa inayojitegemea. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ufungue sehemu ya Performance. Ukiona kadi ndogo inahangaika na kubwa imelala, nenda kwenye mipangilio ya Windows, System, Display, halafu Graphics, uichagulie gemu hiyo High performance.

Wati ziko chini, joto ni la kawaida

Hapa mshukiwa wa kwanza ni chaja. Betri peke yake haiwezi kuilisha kadi kubwa, kwa hiyo kucheza bila chaja ni kukubali mwendo wa nusu. Lakini hata chaja inaweza kukudanganya: laptopu iliyokuja na chaja ya wati 230 ikichomekwa ya USB-C ya wati 100, alama ya kuchaji itawaka huku kadi ikibanwa kimyakimya. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja yenyewe. Prosesa ikiganda kwenye megahezi 400 au 800, huenda laptopu haiitambui chaja. Jaribu nyingine ya aina ileile.

Chaja ikiwa sawa, fungua programu ya mtengenezaji wa laptopu na uchague hali ya utendaji wa juu. Kumbuka pia kwamba jina la kadi halisemi yote. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo popote kati ya wati 35 na 115, kwa hiyo linganisha matokeo yako na ya laptopu ya modeli yako.

Joto liko juu, megahezi zinashuka

Kadi ikikaribia nyuzi 87, au prosesa ikigonga 95 hadi 100, mashine inajipunguza ili isiungue. Prosesa na kadi mara nyingi hutumia mabomba yaleyale ya kupoozea, hivyo joto la moja huiumiza nyingine.

Anza kwa kuinua sehemu ya nyuma sentimita mbili au tatu na kupima tena. Joto likishuka sana, hewa ilikuwa haiingii vizuri. Likibaki palepale, zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini na uchomoe waya wa betri. Shika mapanga ya feni yasizunguke, kisha puliza vumbi. Tandiko la vumbi hujificha kati ya feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto, usipoangalia pale utadhani ni pasafi.

Pesti ya kupoozea ikiwa imekauka, ifute kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upake mpya hadi ifunike chipu yote. Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma, na kona iliyoachwa wazi hupata joto kali. Vibandiko laini juu ya chipu za kumbukumbu virudishe vya unene uleule. Vikizidi, bamba la kupoozea halitagusa chipu kuu.

Matumizi ya kadi ni asilimia 50 au 60

Kwanza zima kikomo cha fremu, ikiwemo V-Sync, inayozifunga fremu kwenye kasi ya skrini. Kadi iliyofungwa kwenye fremu 60 haina sababu ya kujituma. Kisha shusha ukubwa wa picha (resolution) ndani ya gemu. Fremu zisipoongezeka, prosesa ndiyo inayochelewesha. Angalia RAM, kumbukumbu ya kawaida ya laptopu: kijiti kimoja cha GB 16 huinyima prosesa nusu ya njia ya data, na viwili vya GB 8 kila kimoja huleta tofauti inayoonekana, hasa kama kadi ndogo ndiyo inayofanya kazi.

Namba nzuri, lakini picha inakatakata

Tazama kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, data humwagikia kwenye RAM ya kawaida, ambayo ni ya polepole zaidi. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika sura za vitu kwenye gemu) kwanza, vivuli baadaye.

Draiva ishughulikie mwisho, hasa kama tatizo lilianza baada ya sasisho. Pakua toleo lililokuwa likifanya kazi, kata intaneti, futa lililopo kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa katika Safe Mode, hali ya Windows inayowasha vitu vya lazima tu, kisha sakinisha la zamani na urudie kipimo cha dakika 15 kwa gemu ileile.