Bafu la kale chemchemini: shika jembe kabla ya mwiko

Ukitaka kukarabati bafu la namna hii, kabla ya yote uliza umri wa jengo. Likiwa la kabla ya 1863, sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964 inalilinda, kwa hiyo kibali kwanza.

Kisha shika jembe. Mabafu haya yanabomolewa na maji yaliyokosa njia. Waulize kina mama wanaoteka pale wakati wa masika maji husimama wapi, ufukue hapo. Mara nyingi utaukuta mfereji wa zamani umezibwa na mizizi ya mkuyu. Maji yakishashika njia yake, ukuta uache ukauke hadi Juni hivi.

Mie niliwahi kukosea, hapa hapa Tanga. Ukuta wa mawe ya matumbawe niliupiga lipu ya saruji, ukang'aa, wenyewe wakanisifu. Masika ya pili lipu ikadondoka vipande kama sinia, kila kipande kimeng'oka na ngozi ya jiwe. Unyevu ulikwama ndani, ukatafuta pa kutokea.

Basi tumia chokaa. Izime mwenyewe, yaani iloweshe ikiwa bado mbichi kutoka tanuruni: chokaa ndiyo iingie kwenye pipa la maji, kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu yake huruka, na macho hayanunuliwi. Ifunike miezi mitatu, iwe laini kama mtindi. Changanya sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa mto. Wa baharini una chumvi. Finyanga tonge: likikaa umbo bila kulowesha kiganja, limeiva.

Lipu ya zamani igonge kwa mpini wa tindo. Inayolia kama debe tupu itoke, iliyoshika iache hata ikiwa mbaya wa sura. Lowesha ukuta, paka tabaka lisizidi sentimita moja, funika kwa magunia ya katani yaliyolowa.

Maji yakiwa ya salfa, kama ya Galanos kule Amboni (jina la yule mkulima Mgiriki wa mkonge), nondo na bomba la chuma weka mbali, tumia plastiki. Matundu ya hewa usizibe hata moja, gesi yake si ya kuchezea.

Baada ya wiki funua gunia, bonyeza kwa dole gumba. Likizama, rudisha gunia. Likigoma, leta niru, ile chokaa nyepesi ya kupaka juu.