Mbavu laini za moshi: chunga moto, nyama itajipika

Mbavu za kwanza nilizobanika kwa moshi zilitoka nyeusi nje, ngumu ndani, na chungu kama shubiri. Nilikuwa nimerundika kuni nikidhani moshi ukizidi utamu nao unazidi, na kila baada ya dakika kumi nilikuwa nafunua jiko nichungulie. Wageni walikula kwa adabu tu. Siku hizi mikono yangu iko kwenye matundu ya hewa, nyama siigusi kabla haijaniita.

Kwa nini mbavu huwa ngumu? Nyama yake imefungamana na nyuzi za kolajeni, na hizo hazilainiki kwa moto mkali. Zinaanza kuyeyuka taratibu nyama ikifika kama nyuzi 70 za Selsiasi, na zinageuka kuwa ule ute mtamu ikikaa muda mrefu karibu na nyuzi 90. Nyama ya nguruwe ya kipande huwa salama kuliwa ikifika nyuzi 63 na kupumzishwa dakika chache, lakini ubavu wa nyuzi 63 utautafuna mpaka taya ziume. Sisi tunaupeleka hadi kati ya 90 na 96, polepole.

Hatua ya 1: Chagua mbavu

Za nguruwe ziko za aina mbili. Kuna fupi zilizopinda, za karibu na uti wa mgongo, na kuna pana zilizolala bapa, za upande wa tumbo. Za mgongoni huiva kwa saa 4 hadi 5, za tumboni saa 5 hadi 6. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua za tumboni, maana mafuta yake yatakuokoa ukikosea. Ukiona mifupa imechomoza upande wa nyama, muuzaji amekwangua sana; ziache. Za ng'ombe zinafuata njia hii hii, ila jiandae kwa saa nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Bandua utando

Geuza ubao wa mbavu, mifupa iangalie juu. Utaona ngozi nyembamba inayong'aa kama nailoni. Hiyo hailainiki hata ukiipika siku nzima, na inazuia viungo visishike. Pitisha ncha ya kisu butu kati ya utando na mfupa wa pili au wa tatu, inua taratibu mpaka kidole kipite. Sasa shika kwa karatasi ya jikoni, kwa sababu mikono mitupu itateleza, na uvute kuelekea upande wa pili. Siku ya bahati unatoka wote kwa mkupuo mmoja. Siku nyingine unakatika vipande vitatu na unarudia kila kimoja, hakuna namna.

Hatua ya 3: Chumvi na viungo

Chumvi laini, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, inyunyizwe saa chache kabla ili ipate kupenya. Viungo vingine havipenyi, vinabaki juu kutengeneza gamba. Mimi nachanganya sukari ya kahawia, paprika, pilipili manga na unga wa kitunguu saumu. Sukari ikizidi, gamba linaungua, na kwa hilo sina mjadala.

Hatua ya 4: Moto

Hapa ndipo penye kazi. Unahitaji jiko la mkaa lenye mfuniko na matundu ya hewa chini na juu. Liweke nje, mahali pa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usiwashe ndani ya nyumba wala kwenye gereji, hata kama mlango uko wazi.

Panga mkaa ambao haujawaka kufuata ukingo wa jiko, vipande viwili chini na viwili juu yake, hadi uzunguke zaidi ya nusu ya duara kama nyoka aliyejikunja. Mkaa uliobanwa, wenye vipande vya ukubwa mmoja, ndio unaofaa kwa mtindo huu. Washa vipande 8 hadi 10 pembeni, vikishakuwa na majivu meupe viweke kwenye kichwa cha nyoka. Moto utatembea wenyewe kipande hadi kipande kwa saa kadhaa. Katikati, chini ya mahali nyama itakapokaa, weka trei ya maji: inadaka mafuta na kutuliza joto.

Juu ya nusu ya kwanza ya nyoka weka vipande vitatu au vinne vya kuni, kila kimoja kama ngumi. Ziwe kuni ngumu, kavu, za mti kama mchungwa au mpera. Msonobari na miti mingine yenye utomvu, hapana. Mbao zenye rangi au dawa, hapana kabisa. Na hili la kuloweka kuni usiku kucha, achana nalo: maji hayaingii ndani, na hayo machache yaliyoingia yanakuletea mvuke tu.

Funika, tundu la juu likae upande wa nyama na libaki wazi. Joto liongoze kwa tundu la chini. Likikaribia nyuzi 100 anza kulibana, kwa sababu kupandisha joto ni dakika chache lakini kulishusha kunaweza kukuchukua nusu saa. Tunataka kati ya nyuzi 107 na 121. Usitegemee kipimo cha kwenye mfuniko, hicho kinasoma hewa ya juu. Weka kipimajoto juu ya wavu, kando ya nyama.

Hatua ya 5: Nyama na moshi

Usiweke nyama mpaka moshi uwe mwembamba, wa rangi ya bluu hafifu, au usionekane karibu kabisa. Moshi mzito mweupe ndio ulioniponza mimi: ni kuni zinazokosa hewa, na unaacha masizi machungu juu ya nyama.

Laza mbavu, mifupa chini, funika, ondoka. Saa mbili za kwanza usifunue. Baada ya hapo, kila baada ya dakika 45 hivi nyunyiza maji yenye siki kidogo pale tu unapoona pamekauka. Nyama ikifika kama nyuzi 65 hadi 75 joto lake linaweza kugoma kupanda kwa muda mrefu. Usiongeze moto. Ni unyevu unaotoka juu ya nyama na kuipoza, kama jasho.

Hatua ya 6: Foili

Rangi ikishakuwa ya mahogani na viungo havibanduki ukikwaruza kwa kucha, funga mbavu kwenye foili pamoja na vijiko viwili vya maji ya tufaha. Hii huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Wapo wanaofuata hesabu ya 3-2-1: saa tatu za moshi, mbili za foili, moja wazi. Kwa mbavu pana inaweza kukubali. Kwa zile fupi ni nyingi mno, nyama inakuwa uji. Ukipenda gamba gumu, ruka hatua hii na uvumilie.

Hatua ya 7: Pima, paka, kata

Fungua foili, rudisha mbavu wavuni. Zishike kwa koleo theluthi moja kutoka mwisho, uinue. Zikijikunja na nyama ikaanza kupasuka juu, zimeiva. Zikisimama kama ubao, bado. Zikikatika vipande viwili, umechelewa. Ila wapo wanaozipenda hivyo na siwezi kugombana nao. Mimi nataka nikiuma, mfupa ubaki mweupe pale tu nilipouma. Kijiti cha meno nacho kipite kati ya mifupa bila kukwama.

Sosi ipakwe dakika 20 za mwisho, tabaka mbili nyembamba. Kisha pumzisha nyama dakika 15, igeuze mifupa juu ili uone njia ya kisu, ukate. Mgeni akishtuka kuona mzunguko wa waridi karibu na juu, mwambie si ubichi: gesi ya nitriki oksidi kutoka kwenye moto imeikuta rangi ya nyama na kuishika. Na ule mchuzi uliobaki kwenye foili usiumwage. Engua mafuta, uchemshe mpaka upungue nusu, umwagie juu ya mbavu zikiwa bado za moto.